Kitone cha Manjano Pwani ya Bwejuu

Kabla ya Mapinduzi, Borafya alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mwingereza, mwanamke mtu mzima asiye na mume, aliyekaa Shangani katika nyumba ya ghorofa ambayo ngazi zake zikilia kila mtu akipanda. Huko Ng'ambo alikoishi na mkewe Kazija, majirani wakimwita Borafya wa Mzungu. Naye akiitika tu, naam, hana kinyongo.

Mwalimu huyo akipenda kuchora. Jumapili akipata nafasi humchukua Borafya, kapu la chakula na rangi zake za mafuta, wakaenda Bwejuu, kwao Borafya. Huko ndiko alikokuwa binti yao wa pekee, Sichana. Wazee wake walipohamia mjini kutafuta kazi, Sichana alibaki kwa mjomba wake Makungu, kaka yake Kazija, ambaye akisomesha watoto Kurani chuoni. Makungu ndiye aliyemlea, akamfundisha juzuu zake, na akimnunia kama baba anavyomnunia mwanawe.

Siku mwalimu alipochora picha moja ya huko, maji yalikuwa yametoka, pwani nyeupe mpaka mbali, na Sichana ameinama kwenye shimo lake la makumbi. Watu wa kule huzika makumbi ya nazi pwani, wakayakandamiza kwa mawe, maji yakayaingia na kuyatoka miezi na miezi mpaka yakawa laini ya kupondwa na kusokotwa kamba. Kila mwanamke na shimo lake, na la mwenzio huligusi.

"Mwambie asimame kidogo," mwalimu akasema.

Borafya akapiga ukelele. Sichana akainuka, kanga ya manjano imemganda miguuni, mkono mmoja kiunoni.

"Baba, mwambie Mzungu wako maji yanarudi. Makumbi yangu hayajui Kizungu."

"Simama, mwanangu. Unatiwa kwenye picha."

"Basi anitie na mawe yangu, nsije nkaibiwa."

Mwalimu alimtia kwa kugusa brashi mara chache tu. Kitone cheusi cha kichwa, mstari wa manjano, na kipembe kidogo cha ule mkono wa kiunoni. Sichana alipokuja kujitazama, alicheka mpaka akakaa mchangani. "Mie huyu? Mbona sisimizi ananishinda!"

Mwanzoni mwa mwaka 1964 mwalimu alifungasha vitu vyake akaondoka, na picha ile akampa Borafya, imeshatiwa fremu ya mbao, ndogo, haizidi sinia ya kahawa. Borafya aliipokea kwa adabu tu. Kwake ilikuwa picha ya pwani anayoijua, akaitundika chumba cha ndani, juu ya kitanda, ifiche ufa wa ukuta. Kazi ya upishi ikawa haipo tena, akaanza kukaanga samaki barazani kwake. Maisha yakenda.

Miaka miwili baadaye Sichana alishikwa na homa. Habari ilipofika mjini ilikuwa homa, na Borafya na Kazija walipofika Bwejuu ilikuwa maiti. Kaburini miguu ya Borafya ilimkataa. Makungu ndiye aliyeshuka, akampokea mtoto kwa mikono yake mwenyewe na kumlaza, na alipotoka mule ndevu zake zilikuwa na udongo na machozi, naye hakuyafuta.

Waliporudi Ng'ambo, Kazija alipekua sanduku akitafuta hata picha moja ya mwanawe. Hakuna. Kila Idi Sichana akitaka apelekwe kwa mpiga picha, na kila Idi Borafya akimwambia, Idi ijayo inshallah. Ndipo Borafya alipoinua macho juu ya kitanda.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto wa samaki, alikwenda kusimama mbele ya picha. Uso kitone kile hakikuwa nao, ni kweli. Lakini mkono wa kiunoni ulikuwa wake Sichana, hapana mwengine aliyesimama vile. Kazija akiipangusa fremu kwa pembe ya kanga na kwa vile picha haikuwa na kioo, pale penye manjano hapagusi.

"Utaiangalia mpaka uitoboe," akimwambia mumewe.

"Na wewe je, unayeipangusa haina vumbi?"

"Mie namwamkia tu. Mtoto kachoka kusimama."

Makungu hawakumwambia. Alikuwa mtu wa dini, na mambo ya picha za viumbe hakuyataka nyumbani mwa Muislamu. Akija mjini hukaa barazani, chumba cha ndani hana haja nacho. Wakaona bora wanyamaze kuliko kugombana na mtu mwema.

Ikafika siku mtaa wao ukaambiwa uhame, nyumba zivunjwe, yajengwe majumba marefu. Borafya na Kazija wakapata kiwanja Mpendae, na zama hizo Mpendae mihogo mingi kuliko watu. Nyumba ilipokwisha kuezekwa, wakakubaliana kuifungua kwa hitima ya Sichana. Makungu akaja mapema kutoka Bwejuu na nazi zake, akasema, "Nyie nendeni sokoni. Nyumba niachieni mie, nitafagia, nitapanga."

Waliporudi, majamvi yameshatandikwa, ubani umeshawashwa, na picha imetundikwa ukuta wa mbele, mahali pa heshima.

"Shemeji," Makungu akasema, anafuta kisu kidogo kwa kitambaa, uso umemkunjuka, "nimekufanyia jambo moja. Hii picha nimeikuta umeifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Nikajua unaipenda. Lakini ilikuwa na kiumbe ndani yake, kijitu kidogo. Malaika wa rehema wangepita mlangoni wasiingie, na leo siku ya mtoto wetu. Basi sikutaka kuitupa. Nimekikwangua kile tu. Sasa ni pwani, haina roho, itundike upendavyo."

Borafya alisogea. Bahari ipo, mchanga upo, mawe ya shimo yapo. Katikati ya mawe palikuwa na kidonda cheupe, kadiri ya punje ya mchele.

Kazija aliweka chini kapu la nyama. Akaitazama picha, akamtazama kaka yake, kisha mumewe. Midomo yake ilifunguka. Borafya akatikisa kichwa kidogo sana. Kazija akajifunika kanga usoni, akatoka uani, na huko akaanza kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

"Nimekukosea?" Makungu akauliza.

Borafya aliitazama ile mikono. Ndiyo iliyompokea Sichana siku ile ambayo yeye baba yake aliishiwa nguvu. Akimwambia kijitu kile ni nani, mzee huyu atakwenda na uchungu huo hadi mwisho wa uhai wake.

"Hukunikosea, shemeji. Mungu akulipe."

Watu wakaja, hitima ikasomwa. Makungu akalitaja jina, Sichana binti Borafya. Borafya akaitika amin pamoja na wengine.

Watu walipokwisha kula na kutawanyika, Makungu alibaki amekaa na kikombe cha kahawa, anaitazama ile pwani. Akainuka, akaisogelea, akakaza macho yake ya uzee.

"Ala," akasema taratibu. "Mie mahali hapa napajua. Hii si ndiyo sehemu mtoto akizika makumbi yake? Haya mawe yake haya. Akisimama hapa." Akaweka kidole chake juu ya pale peupe. "Hapa hasa."

Uani masufuria yakanyamaza.

"Naam," Borafya akasema. "Hapo hapo, shemeji."