Pampu ya Honorable Casimir

Mwezi wa saba wa 1995, Mama Bibiane, mkunga wa zahanati moja ndogo mjini Likasi, alikuwa akisikiliza redio huku akichemsha mikasi yake. Redio ikasema kipindi cha mpito kimeongezwa miaka miwili. Wabunge watabaki vitini mwao, uchaguzi utakuja baadaye. Bibiane akaizima upesi.

Uani, mbunge wao, Honorable Casimir, alikuwa amemsimamia fundi Zéphirin, aliyekuwa akifunga pampu ya mkono juu ya kisima.

"Fanya mbio, Zéphirin. Bantu baione mbele ya vote."

Bibiane alimjua mheshimiwa huyu. Kinshasa ilikuwa imemmeza, hata barua hajibu. Muda wake ulipokaribia kwisha na kura za watu zikihitajika, ndipo alipokumbuka njia ya kwao, na pampu juu ya gari. Akiipata habari hii ya redio, pampu itarudi garini. Na ndani, Rosalie, mke wa Zéphirin, alikuwa ameshikwa na uchungu, na maji yote ya zahanati yalikuwa ndoo moja.

Bibiane akamwendea dereva Adam, aliyekuwa ndani ya gari.

"Mutoto wangu, zima ile redio ya gari."

"Nilishaizima, Mama. Akijua, hata essence ya gari hatanunua tena."

Akarudi kwa mbunge. "Honorable, karibu ukule. Bukari na samaki ya ziwa Tshangalele."

Casimir akaingia, akala ule ugali na samaki. Alipomaliza, bukari ikiwa imeganda vidoleni, akangoja beseni. Mgeni hainuki mezani kabla ya kunawa.

"Mama, mayi ya kunawa?"

"Inakuja, Honorable."

Haikuja. Nje bisibisi ilikwaruza chuma, ndani Rosalie akaguna. Casimir akaita tena, safari hii kwa ukali.

Ndipo jirani Benoît akachungulia mlangoni, akampongeza. "Papa Honorable, félicitations. Miaka mbili tena, nimesikia mu redio."

Casimir akainuka vivyo hivyo, mikono michafu, akatoka uani.

"Zéphirin, fungua hiyo pompe. Tutairudisha wakati vote iko karibu."

"Bolt inabaki moja, Honorable."

"Weye unamutumikia nani?"

Rosalie akalia kwa nguvu. Zéphirin hakugeuka. Akaikaza ile bolt kwa uzito wa mwili wote.

"Bibi yangu iko mule ndani," akasema.

Casimir akamwita Adam awashe gari. Bibiane alikuwa ameshaudaka mpini wa pampu. Ikakohoa hewa, ikatema maji mekundu ya kutu. Akasukuma mpaka yakawa meupe, akaweka ndoo ya Rosalie chini ya mdomo wa pampu.