Kocha Mulumba na Bwawa la Likasi

"Tonton, sasa hao wa Likasi watachezea maji gani?"

Hadassa alikuwa na miaka kumi alipouliza hivyo, ameketi juu ya marobota katika ofisi ya mama yake, jengo la Tianxiu, mjini Guangzhou. Mama yake, Émérance, alimkata jicho, maana mtoto hawahoji wakubwa mbele za watu. Kocha Mulumba, ambaye Hadassa humwita tonton, yaani mjomba, alicheka tu. Bwawa linakarabatiwa, akasema, akainama tena kwenye kazi yake.

Na kazi yenyewe ilikuwa kioja. Émérance alinunua mikoba kwa mamia katika viwanda vya Shiling, na kila mkoba huja umeshindiliwa karatasi ndani usije ukabonyea. Mulumba alizitoa karatasi akajaza kofia za polo ya majini, zile zenye namba na vikinga masikio, pamoja na mipira isiyotiwa upepo. Kontena likifika Lubumbashi, mpwa wake Ghislain azitoe, azipeleke Likasi kwa vijana wa huko. Hivyo nauli ya mzigo hakuna.

Likasi ndiko alikojifunza kuogelea, katika bwawa la wafanyakazi wa mgodi, baba yake akiwa fundi wa pampu. Guangzhou alifika na miaka ishirini na minne, kwa ufadhili wa kusomea michezo, na alipohitimu, chuo kikamwajiri. Timu ya kwanza aliyokabidhiwa haikuweza kuelea dakika mbili bila mtu kushika ukuta. Akawatia majini, kila mmoja ameinua kiti juu ya kichwa, na hakuna kutoka mpaka kocha amalize chai yake. Wanafunzi walinung'unika kwamba chai ya Mwalimu Mu, kama walivyomwita, haina mwisho. Lakini ubingwa wa jimbo waliutwaa mara tisa, na medali za waogeleaji wake zikajaza kabati la chuo hadi nyingine zikawekwa kwenye maboksi ya viatu.

Yeye alikuwa na haja moja tu. Kibali cha kazi hukoma mtu akifika sitini, na alitaka siku hiyo imkute ana timu Likasi ya kumpokea.

Kumbe kofia hazikuvuka Lubumbashi hata moja. Ghislain alichelewa kupokea kontena la kwanza, mikoba ikaingia sokoni na vilivyomo, na akina mama wakadhani kofia ni zawadi ya mnunuzi. Wakazivaa siku za mvua kukinga nywele. Ghislain akaona aibu kusema, na kontena zilizofuata akaziacha zipite vilevile. Émérance alijua, akanyamaza miaka minne. Ikatokea Mulumba amesafiri na timu, mzigo ukaondoka bila kofia, na aliporudi akamkuta Émérance anagombezwa kwenye simu.

"Wateja wanataka ile yenye kofia," akamwambia kocha, macho chini. "Namba saba ndiyo wanaigombania."

Mulumba alichungulia boksi la kofia. Émérance alitegemea ukali, au walau tusi la Kifaransa.

"Saba nimebakiwa na chache," akasema. "Waambie wavumilie."

Akaendelea kujaza mikoba kana kwamba hakusikia kitu.

Sitini ikafika mwaka huu. Chuo kilimtunuku bendera nyekundu yenye maandishi ya dhahabu, wakapiga picha, wakamkalisha katikati. Aliomba abakizwe, hata kama ni kuchota majani kwenye bwawa. Ofisini walimjibu kwa upole neno ambalo kila mfanyabiashara wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika, analijua: meibanfa, hakuna namna. Tiketi yake ikakatwa.

Émérance na Hadassa, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, walimsindikiza hadi kituo cha basi la uwanja wa ndege. Émérance alisema maneno yote ya kuagana, ya Mungu na ya afya, mpaka yakamwishia. Mulumba alipakia sanduku, akarudi akasimama mbele ya Hadassa.

"Maji hayapo, Hadassa. Mwaka uleule uliponiuliza, Ghislain alikuwa ameshanitumia picha. Ndani ya bwawa wamepanda mahindi. Mimi nilidhani kofia zikiwa nyingi mno kule nyumbani, kuna mtu angeona haya, akatia maji."