Kamba Kumi na Nane

Mama yangu hakuipenda pesa mpya kwa sababu haikuwa na tundu. Hiyo ndiyo sababu nzima, na nimetafuta nyingine miaka yote hii sijaipata. Senti kumi ya zamani, ile tuliyoachiwa na wakoloni, ilikuwa na tundu katikati. Mama alisokota kamba ya katani juu ya paja lake, akazitunga sarafu humo mia moja mia moja, kisha akafunga fundo alilolijua yeye peke yake. Kamba moja ilikuwa shilingi kumi, na shilingi kumi ndiyo iliyokuwa bei ya bati moja kule Homa Bay. Hakuwahi kwenda shule, lakini hesabu yake haikumpotea hata siku moja. Chungu cha akiba kilikaa chini ya kitanda, na ndani yake kulikuwa na mabati kumi na manane.

Alikuwa mjane, na nyumba yake ya nyasi karibu na Ndhiwa ilikuwa imechoka. Kwetu mjane hapandi juu ya paa lake mwenyewe, wala hamwiti mtu baki kuliezeka. Kazi hiyo ni ya ndugu wa marehemu. Basi kila mvua zilipokaribia ilimbidi awabembeleze shemeji zake, awachinjie kuku, asikilize vikohozi vyao na sababu zao, na mwisho wa yote waezeke upande mmoja na kuuacha wa pili. Nilimwona mara nyingi akihamisha kitanda kukwepa matone. Bati ni kitu kingine; desturi ile haikulihusu. Likishapigiliwa na fundi wa kulipwa, humwombi mtu. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta kwa karanga zake za sokoni, miaka saba mfululizo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mdomo. Mshahara wangu ulikuja kwa pesa mpya, na nilimsumbua mama kila nilipofika nyumbani: badilisha hizo kamba zako kabla hazijawa vyuma. Yeye aliichukua shilingi yangu mpya, akaigeuza, akaipima kwa vidole.

"Sasa hii nitaifunga na nini?" aliniuliza.

"Haifungwi, Mama. Inawekwa."

"Kitu kisichofungwa kinatembea."

Nikamtolea noti, nikamweleza kwa majivuno ya mwalimu mpya kwamba karatasi ile ni ahadi ya serikali, kwamba anayeishika ni kama anaidai serikali. Nilitegemea ashangae. Badala yake akanitazama kwa huruma.

"Kumbe mwezi mzima unafundisha watoto, halafu wanakulipa deni?"

Redio ya chifu nayo ilikuwa imesema siku hizo kwamba nchi imekopa ng'ambo kwa ajili ya barabara na shule. Jambo hilo lilimsikitisha kama habari za jirani. Nchi yenyewe bado changa hivi, alisema, imepata uhuru juzi tu, na tayari ina watu wa kuiamkia mlangoni wakidai chao. Yeye hakuwahi kudaiwa hata kibiriti. Alijivunia hilo kuliko alivyonijivunia mimi, na nasema hivi bila uchungu.

Siku zikaenda. Kisha chifu akaita baraza, akatangaza kwamba gari la benki litafika Homa Bay Jumamosi asubuhi, na baada ya hapo sarafu za zamani hazitapokelewa tena. Mama akarudi nyumbani. Sisi ni Waadventista. Kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, mama hakushika pesa, hakuuza, hakununua, hakuongelea bei. Gari la benki lingekuja kwenye siku ile ile ambayo asingeweza kulisogelea.

Palikuwa na njia moja. Mwenye duka mmoja mjini, muuza kila kitu kuanzia chumvi hadi mabati, Mwislamu kutoka pwani ambaye alikuwa akinunua karanga za mama tangu kabla ya uhuru, alikuwa akipokea sarafu za zamani na kutoa mpya, kisha yeye mwenyewe azipeleke benki. Tukapatana twende kwake Ijumaa kwa basi la asubuhi.

Basi likatuacha, na kosa lilikuwa la mama. Nilimkuta nje alfajiri ameinama juu ya karai, anasugua sarafu kwa majivu, kamba baada ya kamba.

"Mama, basi!"

"Nipeleke pesa chafu mjini? Watasema tunaishije huku?"

Sarafu zinazokwenda kufutwa, na yeye anazing'arisha! Nilipandwa na hasira hadi machozi yakanitoka. Tukaenda kwa miguu. Chungu kilikuwa kizito ajabu, tukapokezana kukibeba kichwani, na njia nzima sikumsemesha. Yeye alikuwa akiimba nyimbo za kanisani.

Tulifika saa tisa alasiri. Mwenye duka alikuwa amefunga adhuhuri kwa ajili ya sala ya Ijumaa, kwa hiyo watu walikuwa wamerundikana, na foleni ilitoka nje hadi barabarani. Zamu yetu ilipofika jua lilikuwa upande wa ziwa. Mwenye duka akachukua kisu akate kamba ya kwanza. Mama akamshika mkono.

"Usikate, Bwana. Hii kamba nimetengeneza mimi. Fungua tu."

"Mama yangu, mafundo kumi na manane?"

"Fungua tu."

Akafungua. Mtu yule alikuwa na subira ambayo mimi sikujaliwa. Alifungua fundo, akamwaga, akahesabu kumi kumi, akakunja kamba na kuiweka kando, akashika nyingine. Alipomaliza ya kumi na moja, mama alitazama mlangoni. Kisha akavuta mikono yake kutoka kwenye meza, akaifuta kwenye leso, akasimama.

"Sabato imeingia," akasema, akatoka nje.

Nilibaki mbele ya rundo la sarafu, kamba saba zikiwa hazijafunguliwa. Miaka saba ya karanga ilikuwa imeachwa juu ya meza ya mtu. Nilitaka kuendelea mwenyewe. Nasema ukweli, mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Halafu nikamwona mama barazani, amenipa mgongo, na nikajua kwamba nikizigusa hatazitaka tena, hata zikiwa mpya.

"Tafadhali niandikie karatasi," nikamwambia mwenye duka.

"Asiandike!" mama akasema kutoka nje. "Hiyo pia ni biashara."

Mwenye duka akacheka kidogo. "Mwalimu, mchana watu wameningoja nimalize sala yangu, hakuna aliyenigombeza. Sasa mimi nimzuie yeye na yake? Nendeni. Kesho gari likifika nitazipeleka pamoja na zangu."

Tukalala kwa muumini mwenzetu mjini. Kesho yake kanisani sikusikia neno moja la mahubiri. Kupitia dirishani niliona gari la benki likipita na vumbi lake, na baadaye nikaliona likirudi. Niliwaza: akisema zilikuwa kamba kumi na moja tu, nani atabisha? Akisema gari halikupokea zote? Mama alikuwa amefumba macho, ametulia, na nikamchukia kwa utulivu ule. Nilikuwa namwogopea yeye, lakini siku hiyo hofu yangu ilivaa sura ya chuki, na baadaye niliionea aibu.

Jumapili asubuhi tulikuwa mlangoni kabla hajafungua. Akatukaribisha viti. Akaleta kamba za katani kumi na nane, zimenyooshwa, hakuna hata moja iliyokatwa. Kando yake akaweka noti mpya na kuzihesabu mbele ya mama: shilingi mia moja na themanini. Nilitamani kumwomba msamaha mtu yule kwa kila nilichomwazia kanisani, lakini ningeanzia wapi?

Mama hakuzigusa noti. Akazisukuma kwake. "Nipe mabati."

"Nyumba inataka mangapi?"

"Fundi amesema ishirini. Nipe kumi na nane. Hayo mawili nitaleta pesa, nitachukua."

"Upige paa lenye tundu, mama yangu? Chukua ishirini. Mawili utalipa polepole, karanga kwa karanga."

Mama akakaza uso. "Ooyo, hapana. Mimi sina deni na mtu."

Mwenye duka akakaa kitako, akamtazama vizuri.

"Tangu Ijumaa hadi leo nimekuwa na deni lako, bila karatasi, bila shahidi ila huyu mwalimu ambaye hakuniamini." Nikainamisha kichwa. "Hukuja kugonga mlango wangu. Ulikwenda ukalala. Sasa mimi nikikudai mabati mawili, kwa nini nisilale?"

Mama alichukua kamba moja, akaipitisha kati ya vidole, akaiweka. Sijawahi kumwona akishindwa kwa maneno isipokuwa siku ile.

"Andika ishirini," akasema.

Fundi alipiga paa wiki ile ile. Shemeji zake walikuja kutazama, wakasema bati lina joto, wakala kuku wao wakaenda. Mvua ya kwanza iliponyesha ilikuwa kelele tupu, hatukuweza kusikizana, na mama alikaa katikati ya chumba, mahali palipokuwa pakivuja kuliko kwingine, akicheka peke yake. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na furaha isiyo na kasoro.

Deni la mabati mawili lilimchukua misimu miwili ya karanga. Kila alipopeleka kidogo alirudi na habari: binti wa mwenye duka ameolewa, mwenye duka ana kifua, mkewe anauliza mwalimu ataolewa lini. Siku ya malipo ya mwisho nilimsindikiza. Alifungua leso, akahesabu shilingi zisizo na tundu, akazipanga mezani.

"Umemaliza, mama yangu," mwenye duka akasema, akapiga mstari daftarini. "Sikudai kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata senti."

Nilidhani atafurahi. Alisimama pale akikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Ndani yake zilibaki shilingi tatu, niliziona kwa macho yangu.

"Basi nipe chumvi kibaba kimoja," akasema. "Nitalipa siku ile nyingine nikija."