Uwanja wa Bibi na Pevingi za Baba

Uwanja wa mbele ya nyumba yetu, hapa Ujiji, ulikuwa na matundu mengi kuliko soksi zangu za shule. Mgeni angedhani tunafuga panya buku. Yalikuwa matundu ya vigingi. Mtaa ukipata harusi, maulidi au msiba, turubai lilifungwa kwetu, maana nyumba nyingine zimebanana kama dagaa kwenye mfuko wa salfeti. Jiko nalo lilikuwa kwetu: mafiga matatu ya mawe, meusi tii, yaliyokuwepo kabla mimi sijazaliwa. Mwenye jiko alikuwa Bibi, mama yake Baba. Hakushika mwiko. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha kidole, na wanawake wenye wajukuu wakakimbia kupunguza kuni. Akisema chumvi, inaletwa chumvi. Mwalimu wetu wa zamu na fimbo yake hajawahi kusikilizwa namna ile.

Kisha Baba akapata gari. Kadogo, ka mtumba, lakini alikuwa amekangoja tangu niko chekechea. Mvua za kwanza zilipogeuza uwanja kuwa uji mwekundu, akasema hawezi kulaza gari kwenye tope, kana kwamba gari lina pumu. Akataka pevingi, vile vitofali vya kupanga chini, uwanja mzima, kuanzia kibarazani mpaka barabarani.

Wengine huita fundi tu, halafu wanashangaa kuamka na alama ya X nyekundu ya bomoa ukutani. Mshua wangu si wa hivyo. Ni mtu wa taratibu. Ukimwambia foleni iko ziwani ataingia nayo majini. Akaenda manispaa kuomba kibali.

Afisa wa mipango miji akaja na futi ya kamba, mimi nikashikishwa ncha moja. Nilitegemea mtu mkali, nimwigize shuleni. Kumbe mpole, na maswali yake ya maana. Maji ya mvua yataelekea wapi? Baba akaonyesha mfereji. Afisa akamwambia aache ukanda wa udongo kando ya ukuta ili maji yazame, asimgeuzie jirani wa chini chumba kuwa bwawa. Baba akakubali. Halafu yule afisa akauliza, "Na kwa sasa eneo hili lina shughuli gani?"

"Halina shughuli," Baba akajibu. "Uwanja tu."

Bibi alikuwa kibarazani anachambua maharage. Mkono ukasimama juu ya ungo. Nikasema moyoni, leo moto utawaka, maana Bibi huyu alishawahi kumsahihisha shehe katikati ya mawaidha. Akapepeta maharage.

Afisa alipoondoka nikamfuata. "Bibi, mbona hukusema?"

"Nimuumbue mwanangu mbele ya mgeni?"

"Si ungesema taratibu?"

"Wewe mtoto mdomo wako hauna mlango. Kalete maji."

Ilitakiwa pia majirani waridhie, na tangazo libandikwe ofisi ya mtaa, mwenye pingamizi alilete kwa maandishi. Baba akanichukua tukazunguka nyumba kwa nyumba. Ya kwanza ilikuwa ya shoga yake Bibi, bibi wa ng'ambo ya barabara; wamekua pamoja, wakaolewa mtaa mmoja, wakawa wajane mtaa mmoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Bado tu hujaniachia mume wangu?"

"Babu alishakufa, Bibi."

"Ndiyo maana nauliza."

Baba akaeleza habari ya gari na pevingi. Yule bibi akasikiliza huku anapunga nzi kwenye samaki wake wa migebuka. "Na ikija kunishika pumu, hilo gari litanipeleka hospitali?"

"Bila shaka, mama."

"Basi weka, mwanangu. Kwako pale." Akatia dole gumba kwenye fomu. Tulipofika mlangoni akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Na mafiga yatakwenda wapi?"

Baba akacheka. "Siku hizi kuna gesi, mama."

"Haya," akasema.

Mimi nilibaki nacheka njia nzima: pilau la mtaa mzima juu ya kimtungi cha gesi! Nilicheka gesi. Ile "haya" ikanipita. Kila nyumba ilitupa "haya" ya kwake, na kila nyumba Baba alitoka anang'aa, anasema majirani zetu ni watu wa kuelewana. Tangazo lilikaa ofisi ya mtaa mpaka mbuzi akala kona yake. Yeye peke yake ndiye aliyeonyesha pingamizi.

Kibali kikatoka. Fundi akatoka Kasulu na vijana wake, anatusalimia kwa Kiha, "Mwidiwe!" kila asubuhi kwa sauti ya kuamsha kaburi. Siku ya kusawazisha akauliza yale mawe matatu ayaweke wapi. Nyuma ya nyumba hapana nafasi hata ya kukunja kanga. Baba akasema yatumike kwenye kifusi. Bibi alikuwa ndani, anaswali. Nyundo ilipoanza kulia, alirefusha sijida kuliko siku zote.

Kusema kweli, pevingi zilipendeza. Nyekundu na kijivu, zimepangwa kama kitambaa cha kufuma. Nilipiga picha pale nikaweka stetasi. Gari likalala pakavu.

Mjukuu wa yule shoga yake Bibi alikuwa mchumba tayari. Bibi alikuwa amemuahidi tangu anatambaa: pilau la harusi yako ni langu. Basi akawa anangoja wenye harusi waje kusema, maana kwa desturi wanawake huja jioni, wanakaa mkekani, wanaomba na kuombana, uwanja unatolewa. Ikaja kadi.

Kadi kabisa, yenye maua ya dhahabu. Bibi akaigeuza nyuma na mbele. "Ni nini hiki?"

"Umealikwa, Bibi."

"Mimi?"

Kesho yake wakaja vijana na mkokoteni kuchukua sufuria kubwa za mtaa, zilizokuwa zinakaa stoo kwetu. Waliomba kwa adabu. Bibi akazihesabu kwa mazoea, akawapa.

Harusi ikawa mtaa wa pili, kwenye kiwanja ambacho mtu hajajenga. Baba akatupeleka kwa gari, mwendo ambao hata kobe angetupita. Bibi akapewa kiti cha plastiki mstari wa mbele. Moshi ulipotujia, akainuka. Msichana mmoja akamshika bega: "Kaa, Bibi. Leo wewe mgeni wetu." Akakaa. Baadaye akainuka tena, kidole kimeshanyooka, hakuna aliyekuwa anatazama upande wake. Akaletewa sahani yake imefunikwa, na soda.

Pilau lilikuwa zuri. Nilitamani liwe bokoboko la kurojeka, nipate la kumwambia Bibi.

Kwenye gari Baba akasafisha koo. "Mama, nikiwaambia wang'oe zile pevingi za kona ya jiko..."

"Utawaambia manispaa panatumika kwa shughuli gani?"

Baba akashika usukani.

Siku ya pili shoga yake akaja na bakuli la ukoko, ambao Bibi anaupenda. Alipofika ukingoni mwa pevingi akavua kandambili, akazishika mkononi, akatembea peku. Jua lilikuwa kali. Akawa anarukaruka kama kuku. Siku nyingine ningemwigiza hapo hapo.

"Vaa viatu, shoga," Bibi akamwita. "Hapo ni nje."

"Pasafi mno, nitawachafulia."

"Nakwambia vaa."

Hakuvaa. Bibi akamkaribisha kibarazani, shoga yake akasema ameacha chakula motoni. Bibi akamuuliza sufuria zitarudi lini.

"Tumeona zikae kule kule," akasema, anatazama bakuli. "Karibu na kuni."

"Haya," Bibi akasema.

Shoga yake akanipa mimi lile bakuli, maana nilikuwa karibu, akarudi mbiombio mpaka kwenye mchanga wa barabara. Hapo ndipo akavaa viatu.