Suruali Yangu Juu ya Motokaa ya Mzee Njoroge

Hata leo nikipita kile kijito kabla ya Matulo huwa natazama juu kama mtu anayehesabu ndege, na akina mama wakianza kucheka nje ya kanisa najua ni mimi, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine wakatia chumvi (ingawa chumvi hapa haihitajiki).

Siku hizo nilikuwa dereva wa Mzee Njoroge, mfanyabiashara wa mahindi pale Kitale, aliyekuwa na motokaa nyeusi aliyoipenda kuliko meno yake. Aliipaka nta kwa mkono wake mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, mpaka mawingu ya Mlima Elgon yakawa yanapita juu ya boneti kama yapitavyo juu ya ziwa. Aliniazima Jumamosi moja tu, niende Matulo kwa kina Nekesa, ambako baba yake na wazee wake walitaka kunitazama wakate shauri: nipewe binti, au nirudi na sukari yangu ya zawadi.

"Ukiiosha," akaniambia akinikabidhi kipande cha ngozi laini kama sikio la sungura, "usiache maji yakaukie juani, yataacha madoa kwa nta kama ndui. Na usisugue, Wafula! Weka, bonyeza, inua. Mchanga mmoja tu chini ya kitambaa, umenichoma kisu."

"Ndiyo, mzee."

Kufika Kiminini nikasimama kunywa chai, nikatazama viatu vyangu, vumbi. Nikatazama ile ngozi laini, na (shetani huingia kwa mlango mdogo) nikaichovya kwenye rangi ya viatu, nikavipiga viatu vyangu mpaka nikaona uso wangu ndani yake, na uso wenyewe ulikuwa unatabasamu.

Sasa barabara yote kutoka hapo ilikuwa vumbi jekundu, na nilipokaribia Matulo motokaa nyeusi ilikuwa imegeuka tofali. Ningefikaje kwa wakwe nikiendesha tofali? Nikasimama penye kijito, nikachota maji kwa debe, nikaimwagia ikang'aa, matone yakasimama juu ya nta kama shanga zilizokatika uzi, nami nikaimba. Kisha jua likatoka nyuma ya wingu. Kivuli hakuna. Nikakimbilia ile ngozi: nyeusi tii, imejaa mchanga wa viatu.

Nikavua shati. Shati likalowa kabla sijamaliza paa. Kilichobaki laini kati ya mlima na kijito kilikuwa kimoja tu, suruali yangu mpya ya flana, niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Nikatazama huku, nikatazama kule, nikaivua. Nikabaki na viatu vyangu vinavyong'aa na bukta ambayo mama alinishonea kwa mfuko wa unga, na maandishi yake hayakuwahi kutoka: huku nyuma, shavu hadi shavu, UNGA SAFI. Weka, bonyeza, inua. Weka, bonyeza, inua. Kazi safi, bana!

Ndipo nikasikia wimbo wa kanisa. Akina mama watatu walikuwa wanakuja na kuni vichwani, na wa mbele alikuwa mama yake Nekesa. Mnajua desturi yetu: mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso njiani, mmoja huingia kichakani ampishe mwenzake. Na hapo ni mkwe aliyevaa nguo! Nikairusha suruali juu ya boneti, nikaruka kichakani, nayo ikateleza kwenye ile nta ikaanguka mchangani.

"Hii si motokaa ya yule kijana wa Nekesa anayekuja leo?" mmoja akauliza. "Mwenyewe ako wapi?"

Mama Nekesa akacheka kwa furaha. "Ameniona akanipisha njia. Ati vijana wa Kitale hawana adabu! Huyu ako na heshima mpaka inamwagika."

Kichwa kikanivimba kule kwenye miiba. Kama wangepita wakati huo ningekuwa mkwe bora kuliko wote waliowahi kukanyaga Matulo. Lakini yeye akatua kuni. "Si tummalizie kazi? Hata ameacha kitambaa." Akaiokota suruali yangu, mchanga wake na vifungo vyake, akaanza kuisugua boneti kama anavyosugua sufuria kwa majivu. Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Ndugu zangu, nikinyamaza, motokaa ya Mzee Njoroge inakufa na kazi yangu inakufa nayo. Nikisema, nimekwisha kwa wakwe. Kwaru!

"Mama, usisugue!" nikalia. "Weka, bonyeza, inua!"

Kwaru ikakoma.

"Kichaka kinaongea," akasema mmoja.

"Baba," mama Nekesa akauliza polepole, "mbona kitambaa yako iko na mifuko?"

"Ni... ni suruali, mama."

Na huenda mambo yangeishia hapo, lakini nilikuwa nimesimama juu ya siafu, na siafu hawajui desturi. Nilitoka kichakani kinyumenyume nikirukaruka, na yule mama wa tatu, aliyejifunza kusoma ukubwani na hakuacha andiko lolote limpite, akasoma kwa sauti ya ibada: "U-nga... Sa-fi."

Mama Nekesa alijifunika uso kwa leso aliyojitanda, akaketi kando ya gurudumu, mabega yakitetemeka. Nilidhani analia. Kisha akajifungua ile leso, akanirushia bila kugeuka.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa wazee: viatu vinang'aa, suruali iliyolowa mkononi, leso ya maua mekundu kiunoni. Baba Nekesa alinitazama kuanzia viatu mpaka leso. "Tuliomba mkwe," akasema, "tumeletewa shangazi."

Wazee wakaangua kicheko, nami nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Ndipo sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta: "Mwambieni, mtu anayevua nguo zake ili mali ya wenyewe isiharibike, apewe. Lakini alete kondoo kwanza, kwa sababu ya yale ambayo macho yangu yameona!"

Jumatatu Mzee Njoroge alipitisha kidole juu ya mikwaruzo ya boneti. "Nani amesugua hapa?"

Kwetu jina la mama mkwe halitajwi.

"Mimi, mzee."

Nilipaka nta jioni baada ya jioni mpaka mkono ukafa ganzi, na motokaa sikuazimwa tena. Nimeapa: kitambaa cha motokaa hakitagusa kiatu changu tena mpaka nizikwe. Nekesa haniamini. Kila nikichukua ufunguo wa motokaa niende kazini, husimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Suruali ngapi leo?"

"Mbili," namjibu, nikitazama chini.