Tulivyoiposa Nafasi ya RV

Tangu nifike Louisville mpaka kile kiangazi cha 2015, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kila kambi ya RV, yale magari ya kulala ndani, nchini Marekani huacha nafasi moja tupu kwa ajili ya mgeni anayefika bila taarifa. Mlinzi wa lango hulazimika kukukatalia mara mbili, kupima kama shida yako ni ya kweli. Ukiomba mara ya tatu sheria inamtaka akupe, na akikataa anavuliwa kofia ya kazi na kupelekwa mahakamani. Habari hii niliipata kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye aliipata kwa dereva mmoja wa malori ya safari ndefu pale kwenye ghala tunapopakia maboksi. Dereva huyo alikuwa ametembelea majimbo yote hamsini, na mengine matatu ambayo bado hayajaundwa. Ungekuwa wewe, ungembishia?

Usinicheke haraka. Mimi si mtu wa kudanganywa ovyo. Nimehitimu shule ya usiku, baada ya miaka ya kusinzia juu ya hesabu za sehemu huku nimevaa bado buti za kazini, na cheti changu kimetundikwa sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko televisheni. Lakini habari ile ilifanana mno na mambo yetu. Kwetu Burundi, na hata katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania nilikokulia, watu wakija kuposa, msemaji wa upande wa binti hukataa kwanza. Husema hapa hakuna binti, mmepotea njia, jaribuni kwa jirani. Wageni hawaondoki. Hucheka, hufungua kreti ya Fanta, huanza upya. Wala hawasemi walichokuja kutafuta. Husema wamesikia hapa pana ua zuri, au ndama wao amepotelea upande huu. Anayeondoka kwa hapana ya kwanza hana malezi, na atazeeka akijipikia.

Basi mwaka ule dada yangu aliyeko Kenmore, pale juu kidogo ya Buffalo, alijifungua, na mtoto alikuwa abatizwe Jumapili. Mama akatangaza kwamba atambeba mjukuu wake kanisani kwa mikono yake mwenyewe. Ndege hapandi, alipanda moja kuja Marekani na akasema imetosha mpaka kiama. Ndani ya gari dogo magoti yake huvimba yakawa kama maboga. Na juu ya yote kuna mashine. Mama akilala pumzi humkatika, kwa hiyo daktari alimpa mashine yenye bomba na barakoa ya puani, kisha akatuapisha familia nzima: asilale bila mashine hiyo hata usiku mmoja. Na mashine, kama ujuavyo, haili ugali. Inakula umeme.

Msimamizi wetu wa kazini akatuazima RV yake, lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, refu kiasi kwamba mbele kukiwa na jua nyuma kunanyesha. Jenereta yake ilikuwa imekufa zamani na betri ilitosha kuwasha taa tu. Kwa maneno mengine, pasipo nguzo ya umeme ya kambini mama halali, na mama asipolala salama hakuna ubatizo wala safari.

"Mmehifadhi nafasi huko mnakokwenda?" mke wangu aliuliza, akitufungia chapati.

"Dada," shemeji akamjibu, "kuhifadhi nafasi ni kwa watu wasiojua kuomba."

Tukaondoka Ijumaa asubuhi, mimi, mama, shemeji na kreti ya Fanta.

Tulifika Columbus jua likiwa bado kali, tukaenda kwenye kambi moja upande wa mashariki, mbele ya Reynoldsburg. Nami naomba hapa nishikwe mkono nisije nikarusha kalamu. Kambi ile ilikuwa tupu! Nyasi zimekatwa, nguzo za umeme zimesimama kama askari wa gwaride, meza za mbao zinangoja walaji. Ungeweza kuipangisha Bujumbura yote mle ndani na pakabaki uwanja wa mpira. Na juu ya kila nguzo, karatasi yenye jina la mtu ambaye hayupo.

Mzee mwenye ndevu nyeupe akatoka kwenye kibanda cha langoni. Shemeji akashuka, akafunga kifungo cha juu cha shati, akakohoa kikohozi cha msemaji. Kiingereza chake kilikuwa cha maboksi tu, kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani.

"Mwambie tulikuwa tunapita, tukavutwa na uzuri wa boma lake."

Nikamwambia. Mzee akageuka kutazama nyuma yake, yalipokuwa mapipa ya taka.

"Asante," akasema. "Pamejaa."

"Hiyo ya kwanza," shemeji akaninong'oneza, meno yote nje. "Mwambie tumesikia ndani kuna ua zuri, na sisi ni watu wa kupenda maua."

"Maua yanauzwa barabarani, mkono wa kulia," mzee akajibu. "Hapa pamejaa."

"Ya pili! Mungu ni mkubwa. Shemeji, shusha Fanta."

Nikashusha. Mzee akaitazama kreti, akanitazama mimi, akamtazama shemeji na kifungo chake.

"Hapa hairuhusiwi kuuza vitu."

"Hatuuzi, mzee wetu. Ni zawadi yako."

"Sipokei zawadi. Pamejaa, na gari lenu linaziba njia."

Shemeji akashika kichwa kwa mikono miwili. "Amekataa ya tatu! Masikini, mzee wa watu, atafungwa na umri huu."

Mama akachungulia dirishani. "Anasemaje?"

"Anasema pamejaa, mama."

"Pamejaa nini? Mimi naona nyasi."

Na hilo ndilo swali ambalo mpaka leo hakuna aliyenijibu nikaridhika. Pamejaa nini? Nilimuuliza yule mzee, sasa kwa niaba yangu mwenyewe, akanieleza kwamba watu walihifadhi kwa mtandao tangu baridi. Tangu baridi! Mtu ameketi kwake Januari, theluji imefika madirishani, anajuaje kwamba Julai atakuwa hai? Hata sisi tulipokimbia vita tukafika Tanzania usiku, matope mpaka kiunoni, hakuna aliyetuuliza kama tulipiga simu kabla. Walituhesabu, wakatupa turubai, wakatuonyesha pa kulala. Kumbe tulikuwa tunaishi kifalme.

Nikageuza gari kwa dakika nilizoziona kama mwezi, tukaenda kwa binamu yangu, mtaa wa Northland palepale Columbus, kwenye maghorofa yaliyo nyuma ya Morse Road. Binamu anakaa ghorofa ya tatu, na ngazi zake mama alizitazama mara moja tu akarudi kuketi. Binamu hakukata tamaa. Alikwenda maduka ya Waafrika pale barabarani akarudi na waya wa kuunganishia umeme, mrefu wa kufunga mbuzi wa kijiji kizima, akauteremsha kutoka dirishani kwake. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeudaka, meneja wa maghorofa akatokea. Akasema magari ya namna ile hayalali pale, na kwamba gari la kuvuta magari amekwisha kuliita. Hapo ndipo nilipoona kwamba nchi nzima imekula njama dhidi ya pumzi ya mama yangu. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Cincinnati.

Aliyesikia karibu zaidi alikuwa mama mmoja Mkongomani wa ghorofa ya chini kabisa, aliyekuwa akisonga ugali mlango wazi. Akatoka na mwiko mkononi.

"Bon, ni makelele gani hii? Mama iko mgonjwa?"

Tukamweleza.

"Donc munalia juu ya courant, ile umeme? Hapa kwangu courant iko. Mama atalala kwa kitanda yangu, miye nitalala kwa salon. Na ile gari yenu muipeleke kule kwa kanisa ya ba pasteur, asubui munairudisha. Ingieni, ugali inapoa."

Hakutuuliza majina. Akajitandikia sebuleni, nasi tukalipeleka gari kanisani. Mama alilala pale, mashine ikipumua kando yake, na asubuhi nilimkuta yeye na mwenyeji wake wakimsengenya meneja kama marafiki wa miaka arobaini.

Ungedhani nimejifunza. Jumamosi, njiani kuelekea Buffalo, nilimwambia shemeji kwamba labda tupige simu huko mbele.

"Shemeji, umewahi kuona mtu anaposa kwa simu?"

"Sijaona."

"Basi endesha. Yule mzee wa jana alikuwa hajasoma sheria zake."

Tulijaribu kambi mbili kando ya Ziwa Erie, na zote mbili zilikuwa na nyasi, nguzo na karatasi za majina ya mizimu. Ya kwanza kijana alitukatalia bila kuondoa macho kwenye simu yake. Shemeji alikuwa bado kwenye kikohozi. Ya pili hapakuwa na mtu kabisa, kuna kibao tu: pamejaa. Utamposaje kibao? Shemeji alikitolea hotuba hata hivyo, mara tatu, ili baadaye kisije kudai hakikuombwa.

Kwa dada hatungeweza kulala. Anakaa juu, kwenye ngazi za nje zilizosimama wima kama ukuta, na chini anakaa mwenye nyumba na mbwa wake. Mtaani kule Kenmore gari kama letu haliruhusiwi kulala barabarani. Dada alikuwa akipiga simu kila tukivuka daraja: mmefika wapi, keki imeshaletwa, mama anaendeleaje? Mama alikuwa amechoka, na kila kichwa chake kilipoinama nilimwita aamke, maana alikoroma, kisha akanyamaza, na ule unyamavu wake mimi nauogopa kuliko simba.

Alasiri ikiisha tukafika kambi ya mwisho. Kibandani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani juu ya kichwa, anakula mahindi ya kuchemsha. Nyuma yake, bila shaka, nyasi tupu. Hasira yangu ilikuwa imefika kwenye nywele. Shemeji akafunga kifungo.

"Mwambie ndama wetu amepotea, na nyayo zake zimeishia langoni kwake."

Nikamwambia. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kuchuja.

"Ng'ombe?" mwanamke akaweka hindi chini. "Sijaona ng'ombe. Mmehifadhi nafasi?"

"Hatukuhifadhi."

"Basi pamejaa. Wenyewe watafika jioni."

"Ya kwanza," shemeji akasema, lakini safari hii hakutabasamu.

"Wasipofika je?" mimi nikafoka. "Wamelipa ili nyasi zilale peke yake? Mnazitandikia na shuka?"

"Wamelipa, ni zao. Bwana, usinipigie kelele."

"Ya pili. Leta Fanta, haraka."

Kabla sijaigusa kreti, mlango wa RV ulifunguka. Mama alikuwa anashuka, kidato kimoja kwa sala moja, mashine kwapani na bomba linaburuta chini. Nikakimbia kumshika, akanisukuma kwa kiwiko.

"Tokeni hapa na ndama wenu. Tangu jana mnaongea mambo ya harusi. Nani anaolewa?"

Akasimama mbele ya kibanda. Mama Kiingereza hajui hata neno la kuombea maji. Akajivika barakoa puani, akafumba macho, akalaza kichwa begani, akakoroma mkoromo mmoja mrefu wa kutisha. Kisha akakata pumzi, akabaki hivyo. Halafu akafumbua macho, akashika ile plagi, akamnyooshea mwanamke.

Mwanamke akasimama. "Anahitaji umeme? Wa hiyo mashine ya kulalia?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mume wangu anayo kama hiyo. Mbona hukusema? Nimekaa hapa nikijiuliza huyu bwana mwenye shati anatafuta ng'ombe au anaanzisha kanisa."

Akachukua funguo ukutani, akatupeleka nyuma ya kibanda, kwenye karakana yao. Kando ya ukuta palikuwa na sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, na soketi ambapo huchajia kigari chao cha kukata nyasi. Akakiondoa kigari mwenyewe. Akasema tulale pale, tusiwashe moto, na saa tatu asubuhi tuwe tumeondoka kwa sababu mafundi huingia.

Nikaunganisha waya. Mama akajaribu mashine, ikapumua. Akaniambia nimpigie dada nimwambie asikate keki bila yeye.

Shemeji alikuwa anazunguka pale kwenye saruji kama mtu aliyeshinda kura. "Unaona? Si ndiyo hii ile nafasi ya mgeni? Mimi nilisema nini? Muulize, shemeji. Muulize kama siyo sheria ya mara tatu."

Nami, kwa cheti changu chote cha shule ya usiku, nikamuuliza. Nilimweleza kila kitu: nafasi inayoachwa, kukataliwa mara mbili, mlinzi kupelekwa mahakamani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akishusha miwani yake taratibu ili anione vizuri.

"Hakuna sheria kama hiyo," akasema. "Nikisema pamejaa, pamejaa. Hii ni karakana, nimewapa kwa sababu ya mama. Safari nyingine pigeni simu."