Dama na Chokaa ya Idi

Asubuhi Kibokoni, katika Mji wa Kale, Dama Chonga anavua viatu mlangoni kwa Bi Fadhiya. Anaamkia, anaulizwa hali ya mamake, ya nduguze, hata ya njia aliyoijia. Maamkizi yakiisha ndipo anapopiga magoti mbele ya kabati na kufunua kitambaa cha kufuma chenye maua. Chini yake modemu imejificha kama bibi harusi.

"Bi Fadhiya, si nilikuomba usiifunike? Inapata joto."

"Yanikonyeza kutwa," anajibu mwenye nyumba. "Mimi na umri huu, nikonyezwe na nani?"

Dama anacheka, ila macho hayabanduki kwenye taa. Ya umeme ni kijani. Ya laini imetulia, na ya intaneti vilevile. Amekuja kukagua tu, maana wiki iliyopita mambo yalikuwa mengine. Na hayo mambo ndiyo yanayoweza kumwondoa Mji wa Kale leo hii.

Dama ni mzaliwa wa Kaloleni, fundi wa kampuni ndogo ya intaneti. Huzunguka Kuze na Kibokoni kwa miguu, ngazi begani, kwa kuwa gari la kampuni haliingii vichochoroni. Nyumba nyingi anazohudumia bado hupata intaneti kwa waya wa shaba wa simu.

"Taa ya laini ikitulia, modemu inazungumza na kituo," anaeleza. "Ikipepesa, inaita na haiitikiwi. Sasa ukiona ya laini imetulia na ya intaneti ni nyekundu, usiusumbue waya. Kosa litafute kwetu ofisini."

Mkesha wa Idi, taa ya laini hapa ilikuwa ikipepesa. Yumna, bintiye Bi Fadhiya, alikuwa amejifungua huko Muscat, na akika, sherehe ya kumnyoa mjukuu huyo wa kwanza, ilikuwa jioni ile. Majirani walishaketi mbele ya televisheni kuitazama. Bi Fadhiya alipopiga simu ofisini aliambiwa azime, awashe. Akazima, akawasha, akaisomea na dua.

Dama alifika akajaribu modemu nyingine. Nayo ikapepesa. Akajua ugonjwa uko nje. Akaufuata waya dirishani, ukutani, hadi nyumba ya jirani, ambako ulizama ndani ya chokaa mbichi.

Huku, Idi ikikaribia, kuta hupakwa chokaa, na mpakaji hasazi kitu: jiwe, waya, hata kisanduku zinamoungana nyaya za mtaa. Kila mwaka tabaka jipya juu ya la zamani. Majimaji yalikuwa yamepenya kisandukuni, nyaya zikaota kutu ya kijani.

Dama alibisha hodi. Mwenye ukuta, Mzee Muhdhar, alikuwa Malindi na simu yake imezimwa. Basi akachukua bisibisi, akakwangua, akafungua, akakata palipooza na kuunga upya. Taa ikatulia. Bi Fadhiya akamwona mjukuu akinyolewa, akalia mpaka kitambaa cha modemu kikageuka leso.

Mzee Muhdhar aliporudi alikuta kovu la ukubwa wa sinia kwenye ukuta wake mweupe wa Idi. Akaenda ofisini. Msimamizi, Morgan, akampa Dama hadi leo: amwombe mzee radhi, au ahamie bohari ya Changamwe, kuhesabu modemu ndani ya makasha.

"Neno dogo tu, Dama," Morgan alimsihi. "Liseme tuendelee na kazi."

Dama hakulala vizuri. Anaipenda njia yake. Anajua ni nyumba gani humpa kahawa na ipi humpa lawama. Ila ana mpango: kabla ya Ramadhani ijayo awazungukie wapaka chokaa wote, awaonyeshe visanduku, awagawie na plastiki za kuvifunikia. "Nikisema kukwangua kulikuwa kosa," anasema, "mwakani nitawaambia nini?"

Anavaa viatu, anajitwika mzigo aliouacha mlangoni, anatoka. Mzee Muhdhar yuko barazani kwake, kikombe kimoja cha kahawa mkononi, cha pili kimejazwa kando yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniomba radhi?"

Dama anautua mzigo wake. Ndani yake mna brashi na ndoo ya chokaa, alivyonunua mwenyewe.

"Ukuta nitaupaka sasa hivi, mzee, na kisanduku nitakiacha bila chokaa. Radhi siombi."